Kizuri Chajiuza, Lakini Ni Nani Aliyekipangia Bei?

Ni desturi yangu, wasomaji wapenzi, tangu ujana hadi leo umri unapobisha mlango wa uzee, kuzitungia beti harusi za watu wa Mji wa Kale. Watu hunijia barazani baada ya swala ya alasiri, wakanieleza bibi harusi ni wa mlango gani na bwana harusi ni mtoto wa nani, nami nikatwaa kalamu. Beti hizo husomwa na mwanamke mwenye sauti usiku wa kupamba, pale wanawake wanapokusanyika kumtazama bibi harusi aliyekalishwa kitini, katiwa hina na piko, kavikwa dhahabu, kainamisha macho. Mimi mwanamume sijapata kuingia humo. Beti zangu ndizo zinazoingia kwa niaba yangu.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya nyumba yetu wenyewe. Mtoto wa marehemu kaka yangu aliposwa, na harusi ikapangwa iwe Mfungo Mosi, inshallah. Nikatunga beti kumi, na kwa kuwa yeye ni msichana aliyesoma na hana subira ya kungoja kusomewa, akanijia akaniomba azitazame kwanza. Alizisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

"Ami, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Huyu mweupe kama mwezi wa kumi na nne si mimi, Ami. Mimi mweusi."

Nikacheka, nikamwambia hiyo ndiyo lugha ya washairi. Yeye hakucheka.

Siku ya pili mama yake akaniita. "Shemeji," akanambia, "wewe huoni. Mtoto ana miezi minne ajichubua kwa sabuni. Tangu siku ile ya posa." Nikauliza kulitokea nini siku ya posa, maana sisi wanaume tuliokaa ukumbini tulisikia maneno mazuri tu. Akanieleza kwamba mmoja wa wanawake waliofuatana na wageni alisema jikoni, kwa sauti ya kusikika: "Msichana mzuri, hasara rangi." Maneno manne tu. Basi mtoto akenda akanunua sabuni isiyo na jina la mwenyewe wala anwani ya kiwanda, akaipaka mpaka mashavu yakawa mekundu, yawasha, na jua la saa sita likawa adui yake.

Usiku ule nilizipekua daftari zangu za zamani. Karibu kila harusi nimeweka mwezi, na pasipo na mwezi pana lulu, na pasipo na lulu pana maziwa. Yule mwanamke wa jikoni alisema mara moja. Mimi nimesema miaka thelathini, tena kwa vina na mizani, na watu wakanipigia vigelegele. Ndipo nikaona ni wajibu wangu kuuliza lile ambalo sisi tuliozoea kusifu hatuliulizi: Uzuri ni nini? Watoka katika maumbile yetu, au watoka katika midomo ya watu?

WALIOUPIMA UZURI

Wako wataalamu wanaoitwa wanasaikolojia wa mageuko. Hawa husema kwamba kupendezwa na sura si jambo la bahati, bali ni tabia iliyojengeka kwa vizazi vingi, kwani aliyechagua mwenzi mwenye afya alipata watoto walioishi, na watoto wakarithi jicho la mzazi wao. Mzee wao ni Charles Darwin, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1871 kitabu kikubwa juu ya asili ya mwanadamu na namna viumbe wachaguanavyo. Najua jina hilo huwakera wengi miongoni mwetu, na mimi sikuandika leo ili kujadili asili ya Baba Adam. Wanavyuoni wetu wana lao la kusema na wamelisema. Lakini mtu akileta kipimo, kipimo hutazamwa. Na la ajabu ni kwamba Darwin mwenyewe, baada ya kukusanya habari za watu wa kila pembe, alikata shauri kuwa hakuna kigezo kimoja cha uzuri wa mwili wanachokubaliana wanadamu wote.

Waliomfuata walitaka kumrekebisha. Mwaka 1989 Mmarekani David Buss alichapisha majibu ya watu zaidi ya 10,000 katika nchi 33, walioulizwa wataka nini kwa mume au mke. Akaona kwamba karibu kila mahali wanaume waliutilia uzuri mkazo zaidi kuliko wanawake, na wanawake walitilia mkazo zaidi uwezo wa mtu kupata riziki. Ukikaa na washenga wa Kibokoni hutashangaa. Kwa msichana swali la kwanza ni "Yuko vipi?" na kwa kijana ni "Afanya kazi wapi?", na kijana aliyerudi Arabuni na sanduku zito huonekana mrefu kuliko alivyo.

Hata hapa Kenya jambo hilo limepimwa. Mtaalamu Monique Borgerhoff Mulder alikaa na Wakipsigis, akaandika mwaka 1988 kwamba mahari ya ng'ombe, mbuzi na fedha yalikuwa makubwa zaidi kwa wasichana waliovunja ungo mapema. Miaka miwili baadaye akaeleza kwamba wanaume wenye ardhi ya kumgawia mke ndio waliopata wake kwa urahisi. Tusisahau tu kwamba huko mahari huenda kwa wazazi wa msichana, na kwetu katika sharia mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Kipimo cha ng'ombe chatwambia alichokithamini baba. Hakitwambii alichokipenda kijana.

Lakini ndani ya majibu yale yale ya Buss mna jambo ambalo watu hulipita mbio. Walipotakiwa wapange sifa kwa daraja, wanaume na wanawake pamoja waliweka juu kabisa upole na kuelewana, na akili ikafuata. Uzuri wa sura haukushika nafasi ya kwanza kwa wanaume wala kwa wanawake. Na mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood walizitazama upya hesabu hizo, wakaona kwamba mahali ambapo wanawake wamepata usawa zaidi wa kazi na madaraka, tofauti ya wanaume na wanawake juu ya fedha za mwenzi hupungua. Basi hata kile kilichoitwa maumbile kina mkono wa maisha ndani yake.

KIUNO CHA MAREKANI NA MAKALIO YA WAHADZA

Mfano wa pili watoka kwa majirani zetu wa Tanzania, nao wachekesha na kufundisha kwa pamoja.

Mwaka 1993 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas, Devendra Singh, alisema amepata siri ya umbo la mwanamke. Gawanya kipimo cha kiuno kwa kipimo cha nyonga, na ukipata 0.7 basi ndiyo hiyo, umbo la afya na uzazi. Watu wakashika namba hiyo kama kwamba imeteremshwa. Ndipo Frank Marlowe na mwenzake Adam Wetsman wakaichukua michoro ya namna hiyo mpaka kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadza, watu wachache wapatao elfu moja ambao wengi wao wamekuwa wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wa Kihadza wakaitazama michoro, nao wakachagua wanawake wanene. Kiuno chembamba hakikuwashughulisha.

Watu wangekoma hapo tungeambiwa kwamba Wahadza hawana macho. Lakini Marlowe alifikiri tena. Michoro ile iliwaonyesha wanawake kwa mbele tu. Je, ikiwa mtu hutazamwa na kwa ubavu? Mwaka 2005, yeye na wenzake walirudi na picha za ubavuni, na Wahadza wakachagua wale ambao makalio yamejitokeza zaidi kuliko walivyochagua Wamarekani. Kumbe umbo lilikuwa lawahusu sana. Aliyekosea ni mwenye kuuliza. Mama yeyote wa Mji wa Kale aliyewahi kumfundisha mwari kujifunga leso angemwambia bwana huyo mapema kwamba mwanamke ana mbele, ana ubavu, na ana nyuma, na leso yajua hivyo.

Funzo ni hili: mtu akikwambia kwamba kigezo fulani ni cha binadamu wote, muulize kwanza alisimama wapi alipotazama.

JICHO NALO HWENDA CHUONI

Sasa tuje kwenye uso. Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton alizipandanisha picha za nyuso nyingi juu ya bamba moja, akitafuta sura ya mhalifu. Sura ya mhalifu hakuipata. Alichopata ni uso uliopendeza kuliko kila uso alioanza nao. Mwaka 1990 Judith Langlois na Lori Roggman wa Texas walilifanya jambo hilo kwa kompyuta, na matokeo yakawa yale yale: uso uliochanganywa na nyingi, wa wastani, usio na kitu kilichozidi wala kupungua, watu huuona mzuri.

Lakini wastani wa nani? Coren Apicella, Anthony Little na Marlowe waliwaonyesha Wahadza na Waingereza nyuso za wastani za makabila yote mawili, wakachapisha habari zake mwaka 2007. Wahadza walizipenda nyuso za wastani za Kihadza. Za Kizungu hazikuwaambia kitu, kwani hawana nyuso nyingi za Kizungu walizozizoea. Waingereza, ambao wameona watu wa kila namna, walipenda wastani wa pande zote mbili.

Basi jicho nalo hwenda chuoni. Huanza na alifu ya nyuso za nyumbani: ya mama, ya nyanya, ya majirani wa kipenuni. Hukusanya, huchanganya, kisha hujiwekea kipimo. Na kipimo hicho chaweza kusogezwa. Gillian Rhodes wa Australia na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba mtu akitazamishwa nyuso zilizovutwa zikapotoshwa, hata kwa dakika chache, zile zilizopotoka huanza kumpendeza kuliko mwanzo.

Hebu lipime jambo hilo kwa maisha yetu. Sisi wa rika langu tulikaa sinemani tukatazama filamu za Kihindi ambazo mhusika mkuu wa kike alikuwa mweupe kila mara. Watoto wetu leo wana simu mkononi, na simu yenyewe humng'arisha mtu kabla hajajitazama. Ikiwa dakika chache zatosha kulisogeza jicho, miaka kumi italifikisha wapi? Msichana hujilinganisha na wastani wa watu ambao hawapo, wala hawajapata kuwapo.

MZURI NA MBAYA KATIKA ULIMI WETU

Jambo la tatu nililolitafuta ni hili: kwa nini neno la jikoni liume hivyo? Rangi ni rangi. Mbona yachomwa kama kwamba ametukanwa tabia?

Jibu liko katika ulimi wetu wenyewe, na mimi mtumishi wa lugha naona haya kwamba sikulitia maanani mapema. Twasema sura nzuri, twasema tabia nzuri, twasema habari nzuri. Neno ni moja. Na kinyume chake? Mtu mbaya ni asiyependeza, tena ni mwovu. Na "mbaya wangu" ni adui yangu. Lugha yetu ina neno jingine, wema, ambalo halijali pua wala macho, lakini kila siku twalipita tukashika uzuri, na hivyo tukazifunga kamba moja sura na hulka.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1972 Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster waliwapa wanafunzi wa Marekani picha za watu wasiowajua, wakawauliza watu hao ni wa namna gani. Wenye sura za kupendeza wakadhaniwa kuwa na tabia bora, kazi nzuri na ndoa zenye furaha, na hakuna aliyewajua hata jina. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov walipima kasi ya jambo hili, wakaona kwamba sehemu ya kumi ya sekunde yatosha mtu kukata hukumu juu ya uaminifu wa uso asioujua. Kupewa muda zaidi hakukubadili hukumu kwa kiasi kikubwa. Kulimzidishia mtu yakini tu. Yaani kabla hujamaliza kuitikia salamu, moyo wako umekwisha kumhukumu aliyekusalimu, na uliobaki ni kutafuta ushahidi.

Dini yetu haikudai kwamba macho hayana kazi. Katika hadithi mashuhuri Mtume (SAW) alitaja mambo manne ambayo mwanamke huolewa kwayo: mali, nasaba, uzuri na dini. Hakusema uzuri haupo. Alihimiza mwenye dini ndiye ashikwe. Na Mughira bin Shu'ba alipoposa, aliamrishwa akamtazame mchumba wake, kwani kutazamana huko ndiko kunakotumainiwa kudumisha mapenzi. Basi jicho lina haki yake.

Lakini kuna na habari ya Julaybib. Huyu alikuwa sahaba mfupi wa kimo, wala sura yake haikuwapendeza watu. Mtume (SAW) mwenyewe ndiye aliyekwenda kumposea katika nyumba ya Ansari. Mama wa msichana akakataa katakata. Msichana akauliza ni nani aliyeleta posa, na alipojua akakubali. Julaybib akafa vitani, na Mtume akamzika kwa mikono yake. Mara ngapi tumeisikia hadithi hii katika darsa za msikitini tukalia, kisha tukatoka nje tukaulizana juu ya msichana wa watu: "Rangi yake je?"

KANIKI, LESO NA JUA LA SHAMBANI

Wako wanaosema kwamba kupenda weupe nako ni maumbile. Hushika hoja ya Nina Jablonski na George Chaplin, walioandika mwaka 2000 kwamba katika watu wa kila mahali wanawake huelekea kuwa na rangi iliyopungua kidogo kuliko wanaume wa kabila lao. Ni kweli waliandika hivyo. Lakini tofauti wanayoisema ni ndogo, tena ni ya kaka na dada wa nyumba moja. Si ya mtu wa Mvita na mtu wa Ulaya.

Na wenye kuishika hoja hiyo husahau iliyo kubwa zaidi katika maandishi yale yale. Weusi wa ngozi ni mwavuli. Jua kali huharibu katika damu kirutubisho kiitwacho foleti, ambacho mama mja mzito akikikosa mtoto aweza kuumbika na kasoro ya uti wa mgongo. Mwenyezi Mungu akawapa watu wa nchi za jua ngozi inayokihifadhi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta. Basi ikiwa uzuri ni alama ya afya, kama wasemavyo wanamageuko, mwanamke mweusi wa hapa kwetu ndiye aliyevaa cheti chake mwilini.

Sasa weupe ulitoka wapi? Mimi naona ulitoka shambani. Katika nchi yetu muungwana alikaa kivulini na mtumwa akalima juani. Mwana wa ndani hakuonja jua. Mjakazi aliungua nalo. Rangi ikawa kama hati ya kuzaliwa inayosomeka toka mbali. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na hapa pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria ikafuta hati, lakini macho yakaendelea kuisoma.

Waliokuwa watumwa walilijua hilo vyema kuliko yeyote, na wakalijibu kwa nguo. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza namna wanawake wa Unguja walivyozitupa kaniki na merikani, vitambaa vya utumwa, wakajifunga leso zenye rangi na maua, wakajitanda kichwa, jambo ambalo mtumwa hakuruhusiwa. Baadaye likaja buibui, likamfunika binti wa tajiri na binti wa mchukuzi sawasawa, hata mtu asijue apitaye ni nani isipokuwa kwa mwendo na manukato. Wazee wetu walisema mke ni nguo, na huku kwetu nguo imepata kuwa tamko la uhuru.

Rangi ya ngozi haivuliki. Ndiyo sababu wazo la zamani, lililoshindwa katika nguo, likajificha humo.

Wala tusidhani kwamba wazee walikuwa na kipimo cha weupe peke yake. Walikuwa na maji ya kunde, rangi waliyoisifu kwa neno la jikoni, neno la chakula cha kila siku. Walisifu mwanya wa meno, shingo yenye mistari, mwendo wa taratibu. Walisifu harufu: vikuba vya asumini na rihani, udi wa chetezo, nguo iliyofukizwa. Mwana Kupona alipomuusia binti yake katika utendi wake wa mwaka 1858, alitaja kuoga na kusinga, asumini, hina na wanja. Hayo yote ni mambo ambayo mwanamke yeyote, wa rangi yoyote, aweza kuyafanya asubuhi kwa mikono yake. Somo alimsinga mwari kwa liwa ili ngozi ilainike na inukie, wala haikuwa kazi yake kumbandua akamfanya mtu mwingine.

ZEBAKI KATIKA SABUNI

Tumpeleke mtoto wetu kwa daktari, nikamwambia shemeji, na tukaenda. Daktari aliichukua ile sabuni akainusa, akauliza maswali, akaagiza mkojo upimwe. Niliyojifunza siku ile na siku zilizofuata nataka kila mama wa Mombasa ayajue.

Nyingi ya sabuni na krimu za kujichubua huwa na zebaki, ile madini ya maji maji inayong'aa ndani ya kipimajoto cha zamani. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze melanini, yaani ile rangi yake. Lakini haikai ngozini. Hupenya ikaingia damuni, na Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba huharibu figo, huleta vipele, mabaka na makovu, na yaweza kumtia mtu wasiwasi na huzuni. Ikisukumwa na maji ya kuogea hwenda ikaingia baharini, na samaki wakaila. Dawa nyingine, haidrokwinoni, ikitumika kwa muda mrefu yaweza kumlipa mtumiaji kinyume cha alichokitaka, mabaka ya weusi wa kibuluu yasiyotoka. Serikali ya Kenya ilizipiga marufuku bidhaa za namna hii tangu mwaka 1998, na mataifa yaliyotia sahihi Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 yalikubaliana kuzikomesha zenye zebaki. Lakini marufuku ni karatasi, na kinachotafutwa hakikosi mlango wa nyuma.

Iko dalili moja ambayo Shirika hilo laitaja. Ukiona maandishi juu ya pakiti yakuonya usiiguse dhahabu, fedha au mapambo yako mengine ukiwa umeipaka, jua huenda humo mna zebaki, kwani zebaki huila dhahabu. Fikirini, enyi wazazi! Bibi harusi aambiwa auvue mkufu wa dhahabu usije ukaharibika, na shingo iliyouvaa mkufu yaachwa ipakwe.

BETI ILIYOREKEBISHWA

Sitamaliza kwa kusema kwamba sura si kitu. Mtu wa hamsini na kitu aliyeishi kwa kusifu uzuri hawezi kuthubutu uwongo huo, na vipimo vyote nilivyovitaja vyaukanusha. Macho yatatangulia. Kizuri chajiuza, walisema wazee, na kweli chajiuza. Lakini bei yake haikuandikwa yote katika maumbile. Sehemu iliandikwa na shamba la karafuu, sehemu na sinema, sehemu na simu, sehemu na mwanamke mmoja jikoni. Na sehemu, Mungu anisamehe, iliandikwa na mimi.

Sehemu hiyo ndiyo niliyoweza kuifuta. Nilizichana zile beti kumi nikaanza upya, na moja yake ni hii:

Rangi ya maji ya kunde, ndiyo rangi yako mwana,
Si mwezi wa kwenda punde, kukicha hauko tena,
Lililoumbwa lipende, ni kazi yake Rabana,
Kalamu yaomba radhi, ilipokosa yanena.

Nilimpelekea binti yangu jioni moja baada ya magharibi. Mashavu yake yameanza kupoa, ingawa upande wa kushoto bado pana baka ambalo daktari asema litachukua muda. Akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili. Hakunambia kama ni nzuri au ni mbaya, na baada ya niliyoyaandika hapo juu huenda maneno hayo mawili yangenishtua.

Aliniuliza tu, "Ami, usiku wa kupamba watu wa upande wa pili nao watakuwapo?"

"Watakuwapo, mwanangu."

"Basi hii isomwe kwanza."

Wallahu aalam.